Neno "habal" kwenye makaburi ya Palmyra

Miaka yote hii nasoma mawe ya makaburi ya Palmyra, ule mji wa Syria uliokuwa chini ya Warumi, na bado kuna neno moja linanishika kila nikilikuta: habal. Ni Kiaramu, yaani ole, au kama tunavyosema msibani, masikini weee. Linachongwa pembeni ya sura ya marehemu iliyochongwa kwenye jiwe, baada ya jina lake na la baba yake.

Sasa zile sura unazoziona makumbusho hazikuwa pambo, zilikuwa mifuniko. Kaburi lilikuwa la ukoo mzima, mnara au vyumba vya chini ya ardhi, ukutani matundu marefu yamepangana kama shelfu, maiti anasukumwa ndani afu tundu linazibwa na bamba la jiwe la chokaa lenye sura yake, kwa hiyo ukiingia mle babu, shangazi na watoto wote wanakutazama. Mwanaume kashika pindo la joho, mwanamke wa mwanzoni kashika vijiti vya kusokotea uzi, hawa wa baadaye ndo wamejaa mikufu na hereni. Na mnara wa kaburi waliuita nafsha, ndugu kabisa wa nafsi yetu hii iliyotufikia kwa Kiarabu, mi hilo huwa linanisisimua.

Karne ya 19 wakaja wanunuzi. Carl Jacobsen, tajiri wa bia wa Copenhagen, alinunua mabamba mengi miaka ya 1880 kupitia konsuli wa Denmark pale Beirut, Julius Løytved, na leo yako makumbusho ya Ny Carlsberg Glyptotek, hukohuko Copenhagen. Kayatunza vizuri, namshukuru, ila soko lilitaka sura tu, bamba linang'olewa, mifupa inabaki wazi, na mengi hakuna aliyeandika yametoka kaburi gani. Ndo maana mtu na dada yake wanaweza kuwa nchi mbili tofauti, na sisi kazi yetu ni kufuata majina, fulani bin fulani bin fulani, mpaka ukoo ukutane tena.

Jiwe ninalolipenda kuliko yote wala halikutoka Palmyra, lilipatikana 1878 South Shields, kaskazini mwa Uingereza. Barates, mtu wa Palmyra, alimzika huko mkewe Regina, miaka 30, aliyekuwa mtumwa wake akamwacha huru. Kilatini cha juu kina makosa. Chini yake kuna mstari mmoja wa Kiaramu, mwandiko unateleza wenyewe: Regina, aliyeachwa huru na Barates, habal.