Jina la mahali si hati ya mpaka: ufafanuzi kwa wakazi wa Taita Taveta

Malalamiko kuhusu mipaka ya kaunti, hasa pande za Mackinnon Road na Mtito Andei, yamezidi kuletwa ofisini, na wengi huja na hoja moja: jina ni la Kikamba, basi ardhi ni ya Wakamba, jina ni la Kidawida, lugha ya Wataita, basi jirani ahame. Tumelijibu hili baraza baada ya baraza. Mackinnon Road ina jina la William Mackinnon, Mskoti aliyeongoza kampuni ya Kiingereza iliyokata njia ya mikokoteni kutoka Mombasa kabla ya reli. Hakuna Mskoti anayeudai mji huo.

Jina hutuambia nani alipita. Wafanyabiashara wa Kikamba walipita hapa na pembe za ndovu wakielekea pwani, na wenyeji wa Voi husimulia kwamba mji wao uliitwa kwa Kivoi, mfanyabiashara wa Kikamba aliyefuatana na mmishonari Krapf na kuuawa mwaka 1851. Ni historia ya thamani, lakini mpaka hauchorwi nayo.

Mpaka wa kaunti hubadilishwa kwa Kifungu cha 188 cha Katiba pekee. Kwanza Bunge huunda tume huru. Tume ikipendekeza, Bunge la Taifa lipitishe kwa thuluthi mbili ya wabunge wote, kisha Seneti kwa thuluthi mbili ya ujumbe wa kaunti zote. Katiba imetaja mambo saba ya kuzingatiwa, na uhusiano wa kihistoria na kitamaduni ni moja tu kati ya hayo. Chifu hana uwezo huo, wala MCA (mwakilishi wa wadi), wala ofisi yetu. Na anayeng'oa au kuharibu alama ya mpaka wa shamba bila idhini ya msajili, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamkabili: kifungo kisichozidi miaka miwili, faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili.

Tahadhari pia na hadithi tamu. Wengi husema Salaita, karibu na Taveta, ni neno la Kiingereza la machinjo lililoharibika, kwa sababu ya vita vya Waingereza na Wajerumani vya tarehe 12 Februari 1916. Lakini wanajeshi waliagizwa kuushambulia mlima huo kwa jina hilohilo la Salaita, kabla damu haijamwagika.

Kinachoniuma zaidi ni tahajia. Msikilize mzee akitaja Saghalla au Kasighau: ile "gh" hutoka kooni, kama katika "ghali". Kwenye orodha za wadi tunasoma Sagalla na Kasigau. Watu wa Kasighau walihamishwa na Waingereza mwaka 1915 hadi Malindi, wakishutumiwa kuwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko. Waliobaki walirudi mwaka 1936. Miaka 21 jina lilikaa midomoni mwao likiwa zima, na sisi tumelipunguza herufi kwa kalamu.

Kwa hiyo, anayetaka jina la kijiji, kilima au kijito lisahihishwe aje na wazee wawili au watatu wa mahali hapo, ikiwezekana wa koo tofauti. Walitamke, waeleze maana yake na jina la awali kama lilikuwapo. Tafadhali msituletee majina ya wanasiasa. Wazee wasioweza kusafiri, tuarifuni kupitia naibu wa chifu, tutawafuata nyumbani.