p53: mlinzi wa ngozi anayeharibiwa na jua

Mama mmoja wa Mbagala alikuja kliniki ya ngozi akiwa na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto ana ualbino, na mjomba wake pia, ambaye ametolewa saratani sikioni. Maswali ya mama huyo na majibu niliyompa nayaandika hapa kwa sababu wengi wanayo.

Daktari alitaja p53 ya kaka yangu. Ndiyo nini?

Ni protini, dada. Seli ya ngozi kabla haijagawanyika, p53 hukagua vinasaba vyake. Ikikuta hitilafu, huisimamisha ili irekebishwe. Uharibifu ukizidi, huiamuru ife. Ukimwona mtu aliyebabuliwa na jua anachunika, baadhi ya seli zile zimekufa kwa amri hiyo. p53 iligunduliwa mwaka 1979.

Sasa inaharibikaje?

Kwa jua lenyewe. Mionzi ya urujuanimno hushikamanisha herufi za vinasaba zilizokaa jirani, na zisiporekebishwa vizuri, herufi C hugeuka kuwa T. Wakati mwingine C mbili zilizofuatana hugeuka kuwa T mbili, na hiyo ni alama ya jua kabisa. Kosa likiangukia kwenye jeni inayotengeneza p53, seli hiyo imebaki bila mkaguzi.

Kinachoniuma ni hiki. Jua likichoma tena, seli zilizoumia ambazo p53 yake bado ni nzima hutii amri na kufa, lakini ile yenye p53 mbovu haifi. Inazaliana na kujaza nafasi ya jirani zake. Miaka inapita, ngozi haiumi, mtu anaendelea na shughuli zake. Halafu sikioni au kwenye mdomo wa chini linatokea gamba dogo kavu. Ukilipapasa ni kama msasa. Hilo bado si saratani, ila mara nyingi p53 imeshaharibika humo. Katika saratani ya seli bapa, aina ya saratani ya ngozi aliyougua kaka yako, zaidi ya nusu ya uvimbe huwa na kasoro hiyo.

Kuna dawa ya kuirudisha?

Kwa saratani ya ngozi, bado. Lakini gamba likiwahiwa huunguzwa kwa baridi kali ya naitrojeni, na uvimbe mdogo ukikatwa mara nyingi hupona kabisa.

Sisi weusi hatuhusiki?

Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, inatukinga sana, ila saratani huweza kuota kwenye kovu la moto au kidonda cha mguu cha miaka mingi. Doa jeusi linalokua unyayoni au chini ya kucha nalo lionwe na daktari, ingawa hilo halitokani na jua.

Mwanangu nimfanyeje?

Siku ile alivaa kapelo. Paji la uso lilikuwa salama, masikio na shingo vyekundu. Mtafutie kofia ya pama na shati la mikono mirefu. Kuanzia saa nne hadi saa kumi acheze kivulini. Mwalimu aambiwe, maana gwaride la shule nalo ni jua. Losheni ya kukinga jua iwe ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, apakwe tena kila baada ya saa mbili, na masikio yasisahaulike. Ipo inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino, uliza kliniki.

Kila Jumapili mkimaliza kuoga, mpapase masikio, shingo na midomo kwa vidole. Ukigusa msasa, au kidonda kisichofunga kwa wiki nne, mlete. Ikibidi atapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Na kaka yako umpapase vilevile: ngozi iliyozunguka kovu lake imepigwa na jua lilelile.