Tuache kudhani uchoraji wa Asia ni milima na maua ya cheri tu

Jumamosi moja rafiki yangu alinivuta twende Mayfair, London, kuna galari zimepangana mtaa mzima na kipindi kile kadhaa zilikuwa na wachoraji wa Asia. Nilienda nikiwa nimeshajua nitakachokiona, yaani mlima umefunikwa na ukungu, ndege mwenye miguu mirefu, maandishi ya Kichina yanashuka pembeni. Tumeingia galari nne mchana ule, sikuona mlima hata mmoja. Tangu siku hiyo nikiongea na watu wetu kuhusu hizi picha nasikia maneno yale yale niliyokuwa nayo mimi, ndo maana nimeona niandike.

La kwanza nalimaliza haraka: "kule ni kwa wenye hela, utalipa kiingilio." Hapana. Galari binafsi London unaingia bure, zingine unabonyeza kengele wanakufungulia, zingine unasukuma mlango tu. Wao wanauza picha, kiingilio sio biashara yao, na hakuna anayekuuliza kama unanunua. Hata makumbusho makubwa ya umma kama Tate Modern, picha zao za kudumu ni bure, unalipia maonesho maalumu tu.

Sasa hili la pili ndo linaniuma: "hiyo ni rangi moja tu imepakwa, hata mwanangu wa chekechea anaweza." Nakiri picha ya kwanza niliyoikuta ilikuwa hivyo kwa mbali, nyeupe inayoelekea kijivu, imekaa kimya ukutani. Nikasogea. Kumbe sio kanvasi ya kawaida, ni gunia, lile gunia la nyuzi nene tunalolijua la kuwekea mahindi, na rangi haikupakwa juu yake, imechomoza kutoka ndani, vinundu vidogo vidogo vimetokeza kwenye kila tundu la kitambaa, vingine vimelainishwa kwa mbele vikalala upande mmoja. Mchoraji anaitwa Ha Chong-hyun, Mkorea, kazaliwa 1935. Tangu 1974 anafanya mfululizo mmoja aliouita Conjunction, yaani muungano, na namna yake ni hiyo: anaweka rangi nzito ya mafuta nyuma ya gunia anaisukuma kwa nguvu mpaka itokee mbele, halafu ndo anaikwangua na kuipangusa kwa vifaa kama mwiko.

Na kwa nini gunia? Vita ya Korea ilikuwa 1950 mpaka 1953, nchi ikabaki magofu, chakula cha msaada kutoka Marekani kikawa kinakuja kwenye magunia, kwa hiyo gunia kwa mtu wa umri wake ni njaa na ni kuokoka kwa wakati mmoja. Kabla ya Conjunction alishatumia hata magazeti na seng'enge. Sasa mtoto wa chekechea hayo anayatoa wapi?

Wenzake wa kipindi hicho wanaitwa kwa jina moja, Dansaekhwa, maana yake picha ya rangi moja. Na hapa kuna watu wanasema "basi hawa walikuwa wanakwepa siasa, wanachora ukuta." Mtazame Yun Hyong-keun. Mwaka 1950 aliponea chupuchupu kuuawa kwenye mauaji ya watu walioshukiwa kuwa wakomunisti, na 1973, nchi ikiwa chini ya udikteta wa Park Chung Hee, akafungwa tena. Alipotoka akaacha rangi zote za kung'aa, akabaki na mbili tu, ile kahawia ya udongo na bluu, anazichanganya mpaka zinakaribia weusi, anazipaka kama nguzo pana zinazovujia kwenye kitambaa. Mimi nikiangalia zile nguzo na huku najua alikotoka, siwezi kuziita ukuta.

Halafu kuna hii: "Asia ni China na Japani." Sisi hili tulitakiwa tulielewe mapema maana tunatendewa hivyo hivyo, mtu wa nje akisikia uchoraji wa Afrika Mashariki anataka Tingatinga, twiga na chui, akimaliza hapo basi. Asia ina Indonesia, Ufilipino, India, Iran, na kila moja ina wachoraji wake wanaobishana wao kwa wao.

Kwenye galari ya tatu walikuwa wachoraji wa picha ndogo ndogo kutoka Lahore, Pakistani, na hapo ndo tuliganda karibu saa nzima. Watu wanasema kazi ya namna ile ni sanaa ya makumbusho, ya enzi za Mughal, wale wafalme Waislamu waliotawala India zamani, imekufa. Haijafa. Pale Lahore kuna chuo cha National College of Arts, na tangu miaka ya 1980 mwanafunzi anaweza kusomea zile picha ndogo ndogo kama fani yake kuu. Wanakaa chini sakafuni, karatasi wanaitengeneza wenyewe inaitwa wasli, tabaka juu ya tabaka zinabandikwa kwa gundi ya unga (mimi nikakumbuka vishada tulivyobandika kwa ugali), kisha inasuguliwa mpaka iteleze. Brashi ni manyoya ya mkia wa kindi. Ukiinama karibu unaona kivuli cha shavu la mtu ni mamia ya vistari, kila kimoja chembamba kuliko unywele.

Na hawanakili wafalme. Shahzia Sikander, kazaliwa Lahore 1969, kazi yake ya kumaliza chuo ilikuwa picha ndefu ya zaidi ya mita moja na nusu ambapo binti aliyevaa nyeupe anapita chumba hadi chumba ndani ya nyumba ya kisasa na sura yake huioni hata mara moja. Imran Qureshi, aliyesoma chuo hicho hicho, 2013 alipewa paa la Metropolitan Museum kule New York akalimwagia rangi nyekundu. Kwa mbali ni damu, kabisa, unashtuka. Ukisogea unakuta matone yamechorwa majani na petali kwa mkono ule ule wa picha ndogo. Anayesema hawa wanaiga Wazungu aniambie ni Mzungu gani.

"Wa kisasa" nako watu wanadhani lazima awe kijana. Yayoi Kusama wa Japani kazaliwa 1929. Park Seo-Bo wa Korea amefariki 2023 ana miaka 91, na alichora mpaka uzeeni.

La mwisho ninalolisikia ni "mimi sikusoma sanaa, sitaelewa." Wiki mbili baadaye nilimpeleka mama mdogo aliyekuja kutusalimia kutoka Tanga. Sikumwambia chochote, nikamwacha mbele ya lile gunia la Ha Chong-hyun, akaweka mikono nyuma, akainama, akachungulia na pembeni ya fremu. "Hili si limefumwa kama magunia yetu ya katani," akasema. Akanyamaza kidogo. "Na hii rangi haikupakwa mwanangu, imekamuliwa. Kama tui kwenye kifumbu."