Sikukuu na Watoto Mombasa: Dhana Potofu na Ukweli

"Sikukuu bila pesa si sikukuu."

Kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, au Disemba ikianza, wazazi Mombasa wanaanza kupiga hesabu: nguo, viatu, pembea za Makadara, mkono wa Idd, yaani hela za watoto wa mtaa mzima. Ni mazuri kwa aliye nayo. Lakini mtoto hujisifu "sisi kwetu huwa tunafanya hivi" kwa jambo linalorudi kila mwaka na ambalo yeye ana kazi yake ndani. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Barbara Fiese walipitia tafiti za miaka 50 kuhusu mazoea na desturi za familia, wakaona zinaendana na watoto kuwa na utulivu na wazazi kuelewana. Haithibitishi kwamba desturi ndiyo iliyoleta maelewano, ila gharama yake ni ndogo, basi kujaribu kuna hasara gani?

"Bahari ni ile ile, nenda saa yoyote."

Ufuo hauna kiingilio, ndiyo maana familia nyingi huishia Pirates au Nyali. Tatizo ni saa. Idd ndogo ni Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mwezi ndio kwanza umeandama, na hizo ndizo siku za bamvua, maji yanapopwa mbali na kujaa sana. Pwani yetu bamvua hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi jioni, na kati ya kupwa na kujaa pana zaidi ya mita 3. Wengi hufika jioni, wakakuta maji yamemeza mchanga. Anayetoka asubuhi, baada ya swala na chai, anakuta mwamba uko wazi, vidimbwi vimejaa kaa na konokono. Wavishe watoto viatu, watazame, na wakiokota kitu kilicho hai wakirudishe palepale. Na maji yakianza kurudi, rudini nayo.

Idd kubwa ni kinyume. Inaangukia tarehe 10 Mfunguo Tatu, wakati wa maji mafu: hayapwi mbali wala hayajai sana. Krismasi ndiyo haifuati mwezi, kwa hiyo kila mwaka ina maji yake. Hapo pana desturi isiyogharimu hata shilingi: mtoto mkubwa ahesabu siku za mwezi, aseme maji yatapwa saa ngapi, kisha mwende mkahakikishe. Akikosea, mvuvi yeyote atamrekebisha, tena kwa furaha.

"Mwezi mwandamo hutazamwa baharini."

Utatazama mpaka shingo iume. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, jua linapotua, na bahari yetu iko mashariki. Ukiwa ufuoni Nyali, yape maji mgongo. Mimi naona heri paa la nyumba, upande wa Changamwe, watoto wakishindana nani atauona kwanza.

"Mtoto jikoni anachelewesha kazi."

Anachelewesha, ndiyo. Mafuta ya moto ya kaimati ni ya mkubwa, hilo halina mjadala. Ila iliki mpe yeye: aipasue kwa kucha, atoe zile mbegu nyeusi zinazonata, azitwange kwenye kinu kidogo. Vidole vitanukia mpaka kesho. Kaimati zikishatoka na kupoa kidogo, azitikise kwenye bakuli la shira. Halafu yeye ndiye apeleke sahani kwa mama jirani, Mwislamu au Mkristo, na asisahau kwamba sahani ya watu hairudi tupu. Wa miaka minne atadondosha mbili tatu njiani. Weka za ziada.

"Desturi lazima irithiwe."

Si lazima. Kuna familia za bara zilizohamia Kisauni au Likoni ambazo sasa Krismasi yao haianzi bila mahamri na mbaazi. Nani aliwarithisha?

"Mkiruka mwaka mmoja, imekufa."

Hapana. Mwaka kuna msiba, mwaka kuna mgonjwa, mwaka kuna mvua. Kinachoua desturi ni kuilazimisha kwa mtoto ambaye umri wake umeshaipita. Kuvuka feri ya Likoni asubuhi na mapema kabla ya msongamano, na wa miguu hawalipi, ni raha tupu kwa wa miaka sita. Wa miaka kumi na minne atanuna. Huyo mpe hela za madafu na mihogo ya Mama Ngina, achague pa kununua, na chenji ibaki yake.