Kuiondoa R404A kwenye vyumba vya baridi vya Nyanda za Juu Kusini: propani na hesabu za mwinuko

Ukisoma kibao cha mashine ya chumba cha baridi, kiwe cha parachichi Njombe au cha maziwa Iringa, mara nyingi utakuta R404A, gesi ya kupozea inayozunguka ndani ya mabomba. Kilo 1 ya gesi hiyo ikivuja, katika miaka 100 inaipasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za hewa ukaa. Mashine yenye kilo 10 imebeba tani 39. Fundi anayeongeza kilo 2 kila msimu bila kutafuta tundu anaachia angani karibu tani 8 kwa mwaka, na mwenye mzigo anaendelea kununua gesi ya kumwaga.

Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, yaliyopitishwa Oktoba 2016, yanazitaka nchi zinazoendelea za kundi letu zisizidishe matumizi ya gesi za jamii ya HFC, ambayo R404A ni mojawapo, kuanzia 2024, zipunguze asilimia 10 ifikapo 2029 na asilimia 80 ifikapo 2045. Chumba kinachojengwa leo kitafanya kazi miaka 15 au zaidi. Kukifungia mashine mpya ya R404A ni kumfunga mteja kwenye gesi ambayo itazidi kuadimika.

Amonia ni nzuri sana kwa kiwanda kikubwa chenye mwendeshaji wa kudumu, lakini inakula shaba, hivyo mabomba yote yawe ya chuma, na ikifika sehemu 300 kwa milioni hewani maisha ya watu yako hatarini. Hewa ukaa yenyewe, R744, inapenda baridi: juu ya nyuzijoto 31 haiwezi tena kugeuka kimiminika, na hali ya hewa ya Njombe iko chini ya hapo karibu mwaka mzima. Tatizo ni shinikizo lake, ambalo hufika bar 70 na kuendelea, pamoja na ugumu wa kupata vipuri. R448A na R449A, gesi nyingine za kupozea, zina kipimo cha kupasha dunia joto cha karibu 1,400, pale R404A ina 3,922; nazikubali kama daraja tu, pale mashine ya R404A bado ni nzima na mwenyewe hana fedha za kuibadili. Kwa vyumba vidogo na vya kati naisimamia propani, R290, ambayo kipimo chake hakizidi 5.

Hapa kuna kosa moja la kulikomesha kabla ya yote. Propani ya friji si gesi ya kupikia. Mtungi wa jikoni una mchanganyiko wa propani na butani, na kiasi cha butani hakitabiriki, kwa hiyo shinikizo halifuati jedwali lolote. Una unyevu unaoganda kwenye valvu ya kutanulia (inayopima gesi inayoingia upande wa baridi), na una dawa ya harufu yenye salfa isiyotakiwa ndani ya kompresa, pampu inayosukuma gesi. R290 ina usafi wa asilimia 99.5 na haina harufu, maana yake pua haitakuonya ikivuja. Na hata R290 safi usiimimine kwenye mashine ya R404A kama ilivyo. Swichi, rilei, feni na hita ya kuyeyushia barafu za mashine ile hazikutengenezwa kukaa karibu na gesi inayowaka; cheche moja ya kidhibiti joto inatosha.

Propani huwaka ikifika asilimia 2.1 ya hewa, na huacha kuwaka ikizidi 9.5. Kikomo salama kinachotumika ni gramu 8 kwa kila mita ya ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.5, kina mita za ujazo 30, kwa hiyo mzunguko mmoja usizidi gramu 240. Mashine ya kipande kimoja ya kubandika ukutani yenye gramu 150 inaingia humo bila wasiwasi. Kiasi ni kidogo hivyo kwa sababu kimiminika cha propani ni chepesi na kinabeba joto jingi: palipokaa kilo 1 ya R404A, gramu 400 hadi 450 za R290 zinatosha.

Chumba kikubwa kina hesabu nyingine. Tani 5 za parachichi zikiingia na joto la nyuzi 22 na kutakiwa zishuke hadi 6 kwa saa 24, tunda peke yake linadai karibu kilowati 3.4, kabla ya milango, taa, watu na joto ambalo parachichi zenyewe hutoa zikipumua. Hapo napendelea mashine ya propani ikae nje, kwenye kivuli chenye upepo, ipoze maji yenye propilini glikoli asilimia 30, na maji hayo ndiyo yaingie chumbani. Mchanganyiko huo hauanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 13 chini ya sifuri. Propani yote inabaki nje, na mtu anayepanga kreti ndani hana cha kuogopa.

Sasa mwinuko, jambo ambalo vitabu vingi vya mafundi huliruka kwa sababu viliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu, na shinikizo la hewa ni kama bar 0.82 badala ya 1.01. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje, lakini nyuzijoto zilizochapwa usoni mwake zinadhani uko pwani. Propani ikichemka kwa nyuzi 5 chini ya sifuri, geji itakuonyesha kama nyuzi 3.5 chini. Ukipima joto la bomba la kurudi, utaona joto la ziada, yaani nyuzi ambazo gesi inayorudi imezidi joto la kuchemka, ni nyuzi 5 kumbe ni 6.5, kisha utaibana valvu bure na kuinyima gesi evapareta, koili inayopoza chumba. Kwenye friza ya R404A kosa linapita nyuzi 2. Ongeza bar 0.82 kwenye namba ya geji, kisha soma jedwali la shinikizo kamili, lile linalohesabu na hewa ya nje. Geji za kidijitali zina sehemu ya kuingiza mwinuko. Wengi hawajawahi kuigusa.

Kosa hilohilo linakuja kwenye kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa na unyevu kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi. Geji ya mshale Mbeya husimama kwenye inchi 24 na kitu za zebaki, haifiki 30, na fundi huanza kuilaumu pampu. Pampu ni nzima. Tumia kipimo cha maikroni, kinachosoma shinikizo dogo sana lililobaki ndani, vuta hadi 500, funga valvu, subiri dakika 15. Ikipanda taratibu na kutulia, kuna unyevu: vunja vakyumu kwa naitrojeni kavu na uvute tena. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu.

Hewa nyepesi inaathiri pia kondensa, koili inayotoa joto nje. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini uzito wa hewa umepungua kwa asilimia 15 au zaidi, na joto linabebwa na uzito. Chagua kondensa kubwa kwa saizi moja kuliko katalogi inavyosema.

Siku ya kubadilisha, R404A ya zamani ivutwe kwa mashine ya kukusanyia hadi kwenye mtungi maalumu, usiozidi asilimia 80 ya ujazo wake, uliopimwa kwenye mizani. Kuifungulia hewani ni kufuta faida yote ya kazi hii. Mabomba mapya yalehemiwe huku naitrojeni ikipita polepole ndani. Bila hivyo masizi meusi ya oksidi yataziba kichujio ndani ya wiki chache. Jaribio la shinikizo ni kwa naitrojeni tu, kamwe si oksijeni, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibao. Propani ijazwe kwa mizani inayosoma gramu 1 au 2, kwa sababu kwenye mfumo wa gramu 150 kosa la gramu 20 linaonekana kwenye baridi na kwenye bili ya umeme.

Propani ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kitambuzi kifungwe karibu na sakafu, kilie mapema, kwenye asilimia 20 ya kile kiwango cha kuanza kuwaka cha asilimia 2.1, na mashine isikae juu ya shimo au mfereji ulio wazi. Siku ya matengenezo usifungue bomba kwa moto. Toa gesi, pitisha naitrojeni, kata kwa kikatio cha bomba, ndipo uwashe tochi. Ukimaliza, bandika alama ya moto kwenye kompresa na kwenye mlango wa kujazia, pamoja na gramu ulizojaza, kwani fundi atakayekuja baada yako huenda akafika na mtungi wa R404A mkononi.