Kuwasha maiki si kucheza pamoja

"Mmepigwa kwa sababu hamuongei." Kauli hiyo nimeichoka. Ninanoa vijana wa PUBG Mobile, gemu ya vita ya simu inayochezwa kwa skwadi, yaani timu, hapa Dodoma, wengi wao wanachuo wa UDOM, na skwadi ikifutwa tu lazima mtazamaji mmoja aitoe. Skwadi nyingi ninazoziona haziuawi na ukimya. Zinauawa na kelele.

"Yuko hapa! Hapa hapa! Oyaa, hapa!" Hapa wapi, ndugu yangu? Mwenzako yuko ghorofani ng'ambo ya barabara, haoni unachokiona. Dira ipo juu ya skrini, namba zake ni nyuzi za uelekeo. Sema "mia mbili arobaini, nyuma ya jiwe, mmoja, nimemjeruhi", kisha funga mdomo. Hapo kwenye kufunga mdomo ndipo wanaposhindwa. Adui unamsikia hatua kabla hujamwona, na marehemu anayesimulia jinsi alivyoonewa anawafunikia walio hai hatua hizo. Ukifa, taja adui alipo. Malalamiko baadaye.

Halafu hizi iyafoni za Bluetooth! Ukiwasha maiki yake, simu nyingi huacha njia ya muziki na kuhamia njia ya kupigia simu: sauti inakonda, inakuwa mono, kushoto na kulia vinapotea. Unasikika vizuri sana huku hujui anayekuja anatokea wapi. Nunua za waya.

Eti maiki inamaliza bando? Sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde ni kama megabaiti 14 tu kwa saa. Tuendelee.

Kujua kama gemu inahitaji mdomo, cha kuuliza ni imemficha nani nini. Keep Talking and Nobody Explodes ya 2015 inampa mmoja bomu na wengine maelekezo ya kulitegua. Bila mdomo hakuna gemu. Journey ya 2012 haina maiki kabisa, na watu wawili wasiojuana wanasafiri pamoja. Apex Legends, gemu nyingine ya skwadi, ilipotoka 2019, kitufe kimoja kilitosha kuwaonyesha wenzako adui, silaha au njia bila kuongea.

Nakiri, skwadi zinazopiga soga kati ya mapambano naona hudumu. Kama soga ndiyo inawaunganisha, au wanapiga soga kwa kuwa walishapatana, bado nabishana na nafsi yangu.

Ila wapo wasichana wanaozima maiki kwa sababu sauti zao zikisikika tu, matusi yanaanza. Kabla hujamlaumu mmoja wao kwamba hashirikiani, mtoe kwanza anayetukana.