Kuitwa Esposito si Ushahidi wa Udugu

Tangu Italia ipitishe Sheria namba 74 ya Mei 2025, iliyobana uraia wa nasaba (unaorithiwa kwa damu) uishie kwa mzazi, babu au bibi, sisi tunaoshughulika na daftari za vizazi tumeletewa maswali mengi. Kubwa lao ni hili: "Sisi ni akina Esposito, na yule wa Napoli ni Esposito, basi si ndugu yetu?" Si lazima, na mara nyingi siye.

Esposito ni miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea zaidi Italia, hasa Napoli na mkoa wote wa Campania. Halina babu mmoja. Walipewa jina hilo watoto walioachwa kwenye nyumba ya Annunziata, makao ya kulelea watoto wa namna hiyo huko Napoli. Ukutani palikuwa na tundu lenye gurudumu la mbao. Aliyemleta mtoto alimlaza ndani, akazungusha, akaenda zake bila kuonekana uso. Upande wa pili mtoto alipokelewa, karani akaandika saa, umri wa kukisia, nguo alizovikwa na alama aliyoachiwa, pengine nusu ya medali ili mzazi akirudi na nusu ya pili atambulike. Jina lenyewe lina maana ya aliyeachwa wazi. Watoto wasiohusiana hata kidogo waliandikwa hivyo, kizazi baada ya kizazi. Milano wenzao waliitwa Colombo, Florence Innocenti, Roma Proietti.

Mwanzoni mwa karne ya 19 utawala wa Murat, mfalme wa Napoli, ulikataza jina hilo kwa watoto wapya wa gurudumu, ingawa gurudumu lenyewe liliendelea hadi lilipofungwa 1875. Kwa hiyo wapo waliopitia humo ambao si Esposito. Leo Amri namba 396 ya 2000, kifungu cha 34, inamzuia msajili kumpa mtoto wa kuokotwa jina linalofichua asili yake.

Sasa utaratibu wa kuomba uraia, na tafadhali usomwe. Jina halithibitishi kitu; vyeti ndivyo vinavyothibitisha. Leta cheti kamili cha kuzaliwa cha kila kizazi, si muhtasari, pamoja na vya ndoa. Vya nje ya Italia viwe vimehalalishwa na kutafsiriwa kwa Kiitaliano. Ada ubalozini ni euro 600 kwa kila mtu mzima, na hairudishwi ombi likikataliwa. Anayemdanganya afisa wa serikali kuhusu utambulisho wake anakabiliwa na kifungo cha mwaka 1 hadi 6, kwa kifungu cha 495 cha sheria ya jinai. Anayeona aibu jina lake (aibu ya nini, sijui) aombe kulibadilisha kwa prefekti, mwakilishi wa serikali kuu katika eneo lake. Tangazo hubandikwa siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Msituletee michoro ya ngao za ukoo iliyonunuliwa mtandaoni. Na anayemtafuta mtoto wa gurudumu kwa ajili ya historia ya familia aje na tarehe ya kupokelewa, hata ya kukisia, maana daftari zilijazwa kwa kufuata siku, si kwa jina la ukoo.